L ya Pili

Jumamosi ile goti la kushoto la Wendell Pruitt liliamka kabla yake, na liliamka na hasira. Alikaa ukingoni mwa kitanda akilisugua huku akiitazama suti nyeusi iliyoning'inia mlangoni. Kwa suti hiyo alimzika mke wake, akawazika wenzake wa kiwandani mmoja baada ya mwingine, na leo ilikuwa ikimsubiri tena. Ukishatimiza miaka sabini na miwili, alifikiri, nguo yako ya maana ni ile ya kwenda nayo kwenye misiba ya watu, na siku ikifika zamu yako wataikuta imekwisha viwiko.

Safari hii hayakuwa maziko hasa. Cleophus Tarver alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma, huko kaskazini, katika jiji alilolichezea besiboli miaka kumi na saba. Lakini alizaliwa hapa Hadley, Alabama, na Hadley ilitaka kumkumbuka kwa namna yake: ukumbi wa Kanisa la Mlima Nebo, kuku wa kukaanga, nyimbo, na hotuba nyingi kuliko viti. Mjane wake, Ernestine, alipiga simu mwenyewe kumwomba Wendell aseme machache.

"Mlilala chumba kimoja kule kambini Florida, ndugu Wendell," alimwambia. "Waliomjua tangu wakati ule wamekwisha. Umebaki wewe."

Wendell akakubali. Alikubali upesi mno, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi dada yake Odessa, ambaye tangu wote wawili wafiwe alikuwa akiishi naye nyumba moja na kugombana naye kila asubuhi ili siku ianze vizuri.

Alipoingia jikoni, Odessa alikuwa amempa mgongo, akigeuza mayai.

"Nimeisoma ile karatasi iliyomo mfukoni mwa koti lako," alisema.

"Nani kakutuma mfukoni mwangu?"

"Pasi ndiyo iliyonituma. Ukitaka siri, jipigie pasi mwenyewe."

Wendell akavuta kiti, akakaa kwa awamu mbili, kwanza yeye, halafu goti. "Hamna uongo hata mmoja mle."

"Nani kasema uongo? Lakini marehemu hasemwi vibaya, kaka. Tena mbele ya mkewe! Tena watu wameshika sahani!"

"Basi wataweka sahani chini."

"Miaka hamsini umeunyamazia huo ukweli. Leo ndiyo umeota meno?"

"Leo ndiyo nimeombwa kusema."

Odessa akamwekea yai mbele yake kwa kishindo kidogo. "Haya. Nenda kamvue marehemu nguo kanisani. Ila mimi nitakaa nyuma kabisa, na nikiulizwa, wewe ni mpangaji wangu."

Yaliyoandikwa kwenye karatasi ile hayakuwa mengi, na yalianzia mwezi Machi, mwaka sitini na moja.

Siku hizo Wendell na Tarver walikuwa vijana wawili wa Hadley waliosajiliwa siku moja na timu moja ya ligi kuu, wakapelekwa kambi ya mazoezi Florida. Wachezaji weupe walilala kwenye hoteli ya ufukweni. Weusi walilala nyuma ya reli, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Lottie, wawili wawili kwa chumba. Tarver alikuwa ameacha shule darasa la nne akaenda kukata misonobari na baba yake. Mikono yake ilijua shoka na gongo la besiboli, lakini kalamu ilimshinda. Barua za kwao aliandikiwa na Wendell. Tarver walimwita Shemasi, si kwa sababu ya ucha Mungu, bali kwa sababu alikuwa na matusi ya kuezua bati, na watu wa Hadley hupenda kumpa mtu jina kwa kinyume chake.

Bi Lottie alikuwa na sheria moja: kila chupa ya maziwa iliyoingia kwenye jokofu lake iwe na jina la mwenyewe, la sivyo ni mali yake. Tarver ndiye aliyekuwa akiamka mapema, kwa hiyo ndiye aliyeandika majina kwenye vipande vya plasta na kuvibandika. Aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, ulimi nje, na N zake zote zilikuwa zimegeukia upande usio wao. TARVER. WENDEL. Kila asubuhi Wendell alifungua jokofu, akachukua penseli, akaongeza L ya pili mwishoni.

"Umeniibia L yangu tena," alisema.

"Mtu mmoja L mbili za nini? Acha ulafi, kunywa maziwa," Tarver alijibu, na baada ya hapo likafuata neno ambalo hakuna shemasi angelitamka.

Basi asubuhi moja akaja mpiga picha wa kampuni ya kadi, zile kadi za wachezaji ambazo watoto walizipata ndani ya pakiti za chingamu. Alikuwa na orodha mkononi na jua machoni. Akaita, "Tarver!" Tarver hakuwepo, alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Mpiga picha akamnyooshea kidole Wendell.

"Mimi ni Pruitt, bwana. Tarver yuko kwa daktari wa meno."

Yule mtu akatazama orodha, akamtazama Wendell, akatazama tena orodha. "Shika gongo. Tabasamu."

Mama yake Wendell alimlea asimbishie mzungu mara mbili. Akashika gongo. Na alitabasamu kweli, hilo hakuliandika kwenye karatasi, lakini ndilo lililomuuma kuliko yote: alitabasamu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha akiwa na sare ile, naye alikuwa na miaka ishirini na moja na alidhani picha ndiyo kwanza zinaanza.

Siku nne baadaye goti lilikatika akikimbilia kituo cha pili. Walimkatia tiketi ya basi. Tarver alikwenda ligi kuu, akawa yule aliyekuwa, mtu wa kupiga mipira zaidi ya mia nne nje ya uzio, mtu ambaye viwanja vizima vilisimama akitoka kuchagua gongo. Wendell alikwenda kiwanda cha karatasi cha hapa hapa Hadley, akabaki huko miaka thelathini na minane, mpaka kiwanda kikafa kabla yake.

Machipuko yaliyofuata kadi ikatoka. Mtu mmoja aliileta kiwandani wakati wa chakula. Sura ya Wendell, meno yote nje, na chini yake jina: CLEOPHUS TARVER. Walicheka mpaka wakashika magogo. Kwa miaka mingi jina lake pale kiwandani lilikuwa Shemasi Feki. "Shemasi Feki, njoo usukume hapa! Shemasi Feki, tupigie mpira ufike mjini Mobile!" Na yeye alicheka nao, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufanya kazi mahali.

Alimwandikia Tarver barua. Alimwomba jambo moja tu: waambie wasahihishe. Hakujibiwa. Kisha gazeti likaandika kwamba kampuni imetambua kosa na iko tayari kuchapa kadi nyingine yenye picha ya kweli, lakini Tarver mwenyewe amekataa. "Iacheni," gazeti lilimnukuu. "Huyo jamaa ana sura nzuri kuliko yangu." Nchi nzima ikacheka, na jina la huyo jamaa hakuna aliyeliuliza.

Wendell aliikata habari ile akaihifadhi ndani ya Biblia, mahali pabaya pa kuhifadhia kinyongo. Tarver alipokuja Hadley wakati wa Krismasi, alipanda barazani kwake na mfuko wa njugu za pekani, akagonga. Wendell alikaa jikoni akimsikiliza akigonga. Mwaka uliofuata vilevile, na mwingine tena. Pekani alizila Odessa. Wasemao mwenye kovu usidhani kapoa walimjua Wendell, maana lake halikuwa hata kovu, lilikuwa kidonda kilichojifunza kuvaa suruali.

Kwa hiyo leo alitaka kitu kimoja. Hakutaka pole wala kupigiwa makofi. Ernestine alimwambia kadi zote za Tarver zitapangwa ukumbini. Alitaka kuichukua ile moja mbele ya watu wote, ainyanyue juu, aseme: hii sura ni yangu, na huyu mnayemlilia alijua, akaniachia aibu ili apate kichekesho. Akishasema hivyo, angerudi nyumbani akalale.

Ukumbi ulikuwa umejaa walipofika. Harufu ya kuku na mboga za koladi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Odessa alimwacha mlangoni kama alivyoahidi. Ernestine alikuwa mbele, ameketi wima na kofia yake ya zambarau, akipokea mikono ya watu. Alipomwona Wendell alimpungia taratibu, akamwonyesha vidole viwili: wazungumzaji wawili kwanza, halafu yeye.

Kando ya ukuta kulikuwa na meza tatu ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na juu yake kadi. Zilikuwa zimepangwa mwaka kwa mwaka, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki mgumu, kila moja na saini ya Tarver iliyoviringwa kwa kalamu ya bluu. Watu walipita kimya wakiinama, jinsi wanavyopita mbele ya jeneza. Tarver kijana, shingo nyembamba. Tarver na masharubu. Tarver amenenepa, gongo begani, macho ya mtu ambaye mgongo unamuuma lakini hatamwambia kocha. Miaka kumi na saba ya uso mmoja. Wendell hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amemchukia kijana wa miaka ishirini na mbili, na hapa alikuwa anaoneshwa namna kijana yule alivyozeeka bila yeye kuwepo.

Aliyezileta alikuwa mzungu mfupi mwenye tumbo na kanda za suruali, fundi wa majiko ya kupashia nyumba joto kutoka Ohio, jina lake Gerald Stumpf. Alisimama nyuma ya meza na sahani yake, akila kwa heshima. Ernestine alimwalika kwa sababu alikuwa amewaandikia barua kwa miaka arobaini, mpaka wakamzoea kama jamaa wa mbali.

Wendell alitembea kinyumenyume cha miaka, kutoka mwisho kwenda mwanzo, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza. Sabini na nane. Sabini. Sitini na tano. Sitini na tatu. Mwanzoni kabisa palikuwa na nafasi tupu, upana wa kadi moja, kitambaa cheupe tu.

Akasimama pale. Hata hapa, alifikiri, hata leo wameificha.

"Ya sitini na mbili iko wapi?" aliuliza.

Stumpf akameza haraka, akajifuta mdomo. "Ah, mzee, wewe unazijua kadi. Wengi wamepita hapo bila kuona."

"Nimeuliza iko wapi."

"Iko garini." Stumpf aliona haya, shingo ikamwiva. "Ninazo tatu, na zote zimeharibika. Saini yake ni ya uongo. Nikasema nikiziweka hapa, mama yule akaziona, itakuwa ni kumkosea adabu."

"Ya uongo kivipi?"

"Ni hadithi ndefu."

"Nina wazungumzaji wawili mbele yangu, na wa kwanza ni mchungaji. Kazilete."

Stumpf alimtazama mzee huyu mwenye suti iliyopauka viwiko, akaona hapa hapana mjadala. Akatoka. Mbele ukumbini mchungaji alikuwa amefika utoto wa Tarver, na kwa mwendo aliokwenda nao, ujana ulikuwa mbali bado. Wendell akavuta kiti nyuma ya meza, akakaa, akaigusa karatasi kifuani. Ilikuwepo.

Stumpf alirudi na kopo la biskuti. Alilifungua kwa ncha za vidole.

"Unajua tunavyofanya sisi wakusanyaji," alisema kwa sauti ya chini. "Unamtumia mchezaji kadi kwa posta, pamoja na bahasha yenye stempu na anwani yako. Akipenda anasaini, anakurudishia. Tarver hakuniangusha hata mara moja, kadi zote hizi unazoziona. Isipokuwa ya sitini na mbili. Hiyo inajulikana kwamba walikosea picha. Vitabu vyetu vinaandika tu, 'sura ya mtu asiyejulikana.' Sasa mimi nikataka aisaini hivyo hivyo, maana ndiyo kadi yake ya kwanza. Nikatuma mwaka sabini na nne. Ikarudi hivi."

Akaiweka mezani.

Wendell hakuwa ameiona kadi ile kwa miaka mingi. Kijana aliyekuwemo alikuwa na meno mengi na goti zima. Jina lililochapwa chini, CLEOPHUS TARVER, lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnene wa kalamu. Na kifuani mwa kijana, juu ya sare, mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, zilizopanda na kushuka. N ilikuwa imegeukia upande usio wake.

WENDEL PRUITT.

"Nikadhani ni mhudumu wa timu amefanya mzaha," Stumpf aliendelea. "Huwa wanawasainia wachezaji. Nikanyamaza. Themanini na nane nikatuma nyingine." Akaiweka ya pili kando ya ya kwanza. Mstari uleule. Herufi zilezile. "Nikawapelekea mabingwa wa saini. Wakasema haiwezekani kuwa mkono wa Tarver, Tarver anaviringa, huyu anaandika kama mtoto wa chekechea. Elfu mbili na tatu nikajaribu mara ya mwisho, nikaambatanisha na barua: Bwana Tarver, tafadhali, naomba jina lako. Angalia alichonijibu."

Ya tatu ilikuwa na kipande cha karatasi kimekunjwa. Wendell alikikunjua. Mwandiko ulikuwa umezeeka, umetetemeka, lakini ulikuwa uleule wa kwenye chupa za maziwa.

NIMEKUJIBU MARA MBILI. HIYO SURA INA MWENYEWE. NDIYO HUYO. USINITUMIE TENA.

Na mwisho wa mstari palikuwa na neno moja ambalo hakuna shemasi angeliandika.

"Hilo tusi ndilo linalonichanganya," Stumpf alisema. "Mtu wa kughushi atukane ili iweje? Nimemtafuta huyo Wendel Pruitt kwenye kila kitabu cha ligi. Kila maonyesho ya kadi nimeuliza. Hayupo. Mtu mwenye jina hilo hajawahi kucheza mechi hata moja. Wewe ni wa hapa, mzee. Umewahi kulisikia?"

Wendell akazisogeza karibu kadi zote tatu. Alijua kazi iliyokuwamo kwenye herufi zile. Saini yake mwenyewe Tarver alifundishwa na timu, mviringo mmoja, sekunde moja, kwisha. Lakini kuandika jina hili alilazimika kukaa chini, ulimi nje, herufi baada ya herufi, kumi na mbili, akikaza mkono. Na kama alimfanyia hivyo fundi wa Ohio mara tatu, aliwafanyia wangapi? Kila aliyemtumia kadi ile, miaka hamsini? Iacheni, alisema. Wangeifuta, ingefutika picha pekee ambayo Wendell Pruitt aliwahi kupigwa na sare ya ligi kuu. Mtu asiyeweza kuandika barua alikuwa ameijibu barua yake. Aliijibu kwa watu wote ila yeye, na yeye alipokuja kugongewa mlango alikaa jikoni.

Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko kinyongo alichokizoea. Hasira nayo haikuondoka mara moja. Ilizunguka tu ndani yake ikitafuta pa kukaa. Ungeniambia, Shemasi. Ungepiga kelele pale barazani, ungenitukana, ulikuwa hodari wa matusi. Akayafinya macho, lakini machozi ya wazee hayana adabu, yakatoka vilevile.

"Mzee?" Stumpf aliinama. "Nikuletee maji?"

"Niletee kalamu."

Stumpf alikuwa nayo mfukoni mwa shati, akampa bila kufikiri. Wendell akaitoa kadi ya kwanza kwenye plastiki yake. Stumpf alishtuka mpaka sahani ikayumba.

"Hapana, hapana, mzee wangu! Kadi haiandikwi hivyo! Hata kama saini ni ya uongo, ukiongeza alama..."

"Saini si ya uongo. Ni mkono wake Tarver mwenyewe. Tazama hii N."

"Unajuaje?"

"Jina limekosewa. Lina L mbili."

"Na hilo nalo unalijuaje?"

"Alinikosea hivi kila asubuhi, kwa mwezi mzima," Wendell alisema. "Ni langu."

Stumpf alimtazama. Kisha akaitazama kadi, kijana mwenye meno mengi, na akamtazama tena mzee, sikio, taya, upana wa paji la uso. Akavua miwani yake, akaisahau mkononi.

Wendell aliikandamiza kadi mezani kwa kidole gumba. Baina ya WENDEL na PRUITT palikuwa na nafasi. Kwenye kadi ya kwanza ilikuwa pana, na sasa alipoangalia vizuri aliona hata kwenye ya pili na ya tatu ilikuwa pana hivyohivyo, pana kuliko inavyohitajika, upana wa herufi moja. Akaandika L ya pili, polepole, kwa wino mweusi pembeni ya ule wa bluu.

Alipoinua kichwa, Stumpf alikuwa ameshaitoa kadi ya pili kwenye plastiki, anamsogezea.

"Na hii," alisema. "Na ile nyingine. Tafadhali."

Mbele ukumbini Ernestine alikuwa amesimama. "Sasa namwomba ndugu Wendell Pruitt," alisema, na vichwa vikageuka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Odessa aliweka sahani yake chini akafumba macho.

Safari ya kutoka mezani hadi mbele ilikuwa ndefu. Goti lilisema yote lililotaka kusema. Wendell alipofika alishika ukingo wa meza ya mchungaji, akaingiza mkono ndani ya koti. Aliikuta karatasi, ikiwa imepigwa pasi vizuri na dada yake, akaiacha hukohuko. Mkono mwingine ulikuwa na kadi moja, wino bado mbichi, akiishika kwa pembe isije ikachafuka.

Alimtazama Ernestine kwanza.

"Shemasi Tarver," alisema, "alikuwa hajui kuandika jina langu."

Ukumbi mzima ukacheka, hata Ernestine chini ya kofia yake. Wendell akawaacha wacheke mpaka waishe. Aliinyanyua kadi juu, kama alivyokuwa amepanga tangu asubuhi, akangoja wanyamaze ili awaeleze ni mara ngapi aliliandika.